Anayemlipa muuguzi wa meno ni mgonjwa. Serkali iko wapi?

Ndugu na dada wa Goma, wazazi wetu,

Leo tunasema juu ya watu ambao hakuna anayewahesabu: wauguzi wa chumba cha meno katika hospitali zetu. Ukifika na shavu limevimba, ni muuguzi anakupokea, anasafisha vyombo, anatayarisha sindano ya ganzi, anakushika kichwa, anafuta damu. Siku daktari hayuko, mara nyingi ni yeye mwenyewe anang'oa jino. Akijichoma na sindano, hatari ya hepatiti B na ya ukimwi ni yake. Na mwisho wa mwezi?

Tueleze vile mambo inaendeka. Kwa mfanyakazi wa afya wa serkali kuna mshahara, kuna primu ya hatari, na kuna primu ya palepale hospitalini. Mshahara unataka matrikule, na wengi wanatumika miaka na miaka bila matrikule. Primu ya hatari inataka jina lako lionekane kwenye liste ya Kinshasa. Mwenye kukosa vyote viwili anabaki paka na primu ya hospitali. Hiyo nayo inatoka wapi? Inatoka kwenye fishi uliyonunua na kwenye jino ulilolipia.

Kwa hiyo anayemlipa muuguzi ni mama muuza makala wa soko la Virunga. Wagonjwa wakipunguka, muuguzi analala njaa. Bei ikipanda, mgonjwa anabaki nyumbani mpaka usaha unaingia kwenye taya. Serkali imewagonganisha maskini wawili, yenyewe ikakaa pembeni.

Na kupanda ngazi? Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya watumishi wa serkali inaweka magradi, inataka kila mwaka mutu apimwe kazi yake. Kwenye karatasi ni vizuri. Lakini muuguzi wa A2 anajilipia masomo ya ISTM, anatoka na A1, anarudi kwenye kazi ileile na makuta ileile. Ujuzi wa meno alioupata kwa mikono yake, hakuna karatasi inayoutambua. Kesho wakimhamisha maternite, ujuzi unapotea, na mugeni anaanza kujifunza ndani ya mdomo wako.

Wako watakaosema: kazi ya uuguzi ni wito. Wito haulipi nyumba Katoyi, wala masomo ya watoto. Kifungu cha 36 cha Katiba yetu kinasema serkali inahakikisha malipo ya haki, yanayomwezesha mfanyakazi na jamaa yake kuishi kwa heshima. Hakikusema isipokuwa wauguzi.

Wengine watasema: ni vita. Ni kweli, tangu mwisho wa Januari 2025 mji uko mikononi mwa AFC/M23, banki zikafungwa. Hata mwenye matrikule ikamlazimu kuvuka Gisenyi ama kukatwa asilimia ili ashike makuta yake. Wakati majeruhi walijaa hospitalini, wengi wa wauguzi hao walibaki kazini. Lakini matrikule ilikosekana hata wakati banki zilikuwa wazi! Kule Abuja, Aprili 2001, wakubwa wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. M23 ilizaliwa 2012. Tusifiche uzembe wa zamani nyuma ya risasi za leo.

Tunadai hivi:

Kinshasa itoe matrikule kwa wauguzi wanaotumika bila matrikule, ipandishe gradi kila aliyeongeza masomo, na itambue uuguzi wa meno kama kazi yenye mafunzo na cheti chake.

Wanaoshika mji waache njia za mishahara wazi, wasiguse makuta ya hospitali.

Wakubwa wa hospitali wabandike ukutani, kila mwezi, kiasi kilichoingia na vile primu ilivyogawanywa.

Nawe mgonjwa, usimtukane muuguzi juu ya bei. Si yeye aliyeiweka. Simama naye. Siku atakapolipwa na serkali, ndipo tutaweza kudai bei ishuke. Kumtetea muuguzi ni kutetea mdomo wako mwenyewe.

Kazi ya bure imetosha!