"HESABU HAIDANGANYI," WANASEMA. BASI TUIPIGE HIYO HESABU

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Nimeletewa klipu kutoka Afrika Kusini. Vijana wamesimama mlangoni mwa kiduka cha Msomali, wale wanaoviita huko spaza, wanamwamuru afunge na arudi kwao. Klipu yenyewe imenihuzunisha. Kilichoniumiza zaidi ni maneno ya ndugu zetu wa huku chini yake: "Wana haki hao. Hesabu haidanganyi. Kila duka la mgeni ni duka la mwenyeji lililokufa. Na wageni ndio wahalifu."

Umesema hesabu? Ahsante. Twende kwa wenye hesabu.

Hakuna hesabu iliyopimwa kwa makini kuliko ya fizikia ya kwanta, elimu ya atomu na elektroni. Simu uliyoandikia maneno yako imejengwa juu yake. Mwaka 1926 Erwin Schrödinger alitoa mlinganyo unaoieleza elektroni kama wimbi. Mwaka huohuo Max Born akafafanua maana yake: wimbi lile halikuambii elektroni iko wapi, linakupa uwezekano wa kuikuta hapa au pale ukienda kuipima.

Chukua mfano wa iodini-131, inayotumika hospitalini kutibu tezi ya shingo. Hesabu inasema bila kusitasita: baada ya siku 8 hivi, nusu ya atomu zake zitakuwa zimegeuka kitu kingine. Sasa chagua atomu moja tu, uulize: hii itageuka leo au mwezi ujao? Hesabu inanyamaza. Inajua habari ya kundi. Kwa mmoja mmoja, inakupa uwezekano na hapo inasimama.

Asije mtu akasambaza kwamba nimesema kwanta imethibitisha Qur'an. Sijasema, na Qur'an haihitaji. Ninachosema ni adabu. Watu wenye hesabu kali kuliko zote hawathubutu kuihukumu atomu moja, isiyo na mama wala watoto. Wewe unamhukumu mwanadamu mzima kwa kusikia lafudhi yake!

Allah katika Suratul Hujurat, aya ya 12, ametukataza kufuata dhana nyingi, akatujulisha kuwa ndani yake mna dhambi. Na katika Suratul Israa, aya ya 36, amekataza kufuata lile tusilo na ujuzi nalo, kwani masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa.

Unataka kuona dhana ikipewa rungu inafanya nini? Mei 2008, fujo zilianza Alexandra, Johannesburg, zikasambaa. Watu 62 waliuawa. Wako waliopimwa kwa kuulizwa kiwiko cha mkono kinaitwaje kwa Kizulu. Ukikosea, wewe mgeni. Matokeo ya kipimo hicho? Katika wale 62, raia 21 walikuwa wa Afrika Kusini yenyewe. Hesabu yako haidanganyi? Ilishindwa hata kumtambua mwenyeji!

Utaniambia: "Sheikh, na watoto waliokufa kwa kula vitu vya dukani?" Swali la haki, sikwepi. Mwaka 2024 watoto walikufa huko, wakiwemo sita wa Naledi, Soweto, waliouawa na terbufos, sumu ya mashambani. Mtoto mmoja tu ni msiba mkubwa. Lakini sikiliza habari yote. Sumu ile ilikuwa ikiuzwa kiholela mitaani, watu wakiinunua kuulia panya, na panya walijaa kwa sababu taka hazizolewi. Rais Ramaphosa alipolihutubia taifa Novemba mwaka huo, aliamuru maduka ya spaza yasajiliwe, ya wenyeji na ya wageni. Akasema hakuna ushahidi wa njama ya makusudi ya kuua watoto, na kwamba bidhaa hizo zingeweza kuuzwa vilevile kwenye maduka ya wenyeji. Duka likaguliwe. Anayeuza sumu ashitakiwe, awe Msomali, Mwethiopia au mzawa. Hiyo ni sheria. Kumfungia asiye na kosa kwa kosa la mwingine ni dhulma, na hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwenziwe.

Na lile la "duka la mwenyeji lililokufa"? Wengi wa wageni wale wamepanga vyumba vya wenyeji, na kodi inaingia mfukoni mwa mwenyeji. Wananunua kwa jumla kwa kuchangiana, faida yao ndogo, wanafungua alfajiri na kufunga usiku. Maskini wa mtaa ananunua kwao sukari kidogo na mayai mawili. Ukilifunga, nani analala njaa? Unafikiri rizki ni mkate mmoja mezani, kwamba mwenzio akikata kipande chako kimepungua. Mwenye rizki hajakuambia hivyo.

Rudi kwa yule Max Born. Alikuwa Mjerumani wa asili ya Kiyahudi. Tarehe 1 Aprili 1933 wafuasi wa Hitler walisimama milangoni mwa maduka ya Wayahudi kuzuia wateja. Tarehe 7, siku sita tu baadaye, ikatoka sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika kazi za serikali, vyuo vikuu vikiwemo. Mwezi haujaisha, Born akasimamishwa Göttingen. Akahamia Uingereza, na mwaka 1954 akapewa tuzo ya Nobel kwa ile kazi ya 1926. Walianza na mlango wa duka, wakaishia kufukuza hata elimu. Na ukinuna kwa kuwa nimetaja dhulma aliyofanyiwa Myahudi, fungua Suratul Maida, aya ya 8: chuki ya watu isitutoe kwenye uadilifu.

Mwisho, Madina. Abdurrahman bin Auf (radhiyallahu anhu) aliingia akiwa muhajir. Sa'd bin Rabi' wa Ansari akamtolea nusu ya mali yake. Akamwombea baraka, akaomba jambo moja: nionyesheni soko. Akaanza na jibini na samli. Mgeni, biashara ndogo, soko la watu! Ansari hawakumpima lafudhi. Mtume (swalla Llahu alayhi wasallam) alimwombea baraka. Je, klipu ya siku ile ingekuwepo, wewe ungeandika nini chini yake?

Tuna vijana wetu Durban na Cape Town, wametoka Dar, Tanga na Unguja kutafuta. Anayesukumwa mlangoni leo anaweza kuwa mwanao.

Kama umeandika neno la kushangilia, lifute kabla hujalala. Kama umelisambaza, wafuate uliowatumia uwaambie umekosea. Kisha kesho ukanunue kwa yule mgeni wa mtaani kwako, na umsalimie kwa jina lake.

Ewe Allah, tukinge na kudhulumu na kudhulumiwa.

Wabillahi tawfiq.