HARAKA YA SILAHA NA MFUKO WA MFANYA KAZI

Ndugu Wafanya kazi,

Wakubwa husema ya kwamba kununua vyombo vya jeshi kunachelewa mno kwa sababu ya tenda na ukaguzi. Wanataka njia ya mkato. Askari ni mtoto wa mfanya kazi, naye akipelekwa vitani na gari bovu atakufa yeye, si mkubwa. Kwa hiyo sisi haraka hatuikatai. Tunakataa siri inayojificha nyuma ya haraka.

Tazameni meli ya KNS Jasiri. Mkataba wake ulifanywa mwaka 2003, bila tenda ya wazi, kwa shilingi bilioni 4.1 hivi. Hiyo ndiyo njia ya mkato! Ugomvi ukazuka juu ya mkataba, malipo yakasimamishwa, meli ikalala Hispania. Ilifika Mombasa mwaka 2012. Je, tenda ya wazi ingalichukua miaka tisa?

Tazameni tena mikataba ya usalama ya Anglo Leasing, iliyopitishwa chini kwa chini. Kashfa ilitoka mwaka 2004, lakini mwaka 2014 Serikali, baada ya kushindwa katika mahakama za Ulaya, ililipa kama shilingi bilioni 1.4. Fedha hizo ni kodi yetu, inayokatwa kabla mshahara haujatufikia mkononi.

Sisi wa reli tunajua mbio. Penye njia moja, dereva haondoi treni mpaka stesheni masta ampe ruhusa, hata ikiwa ni treni ya mbio. Ruhusa hiyo haicheleweshi safari, ndiyo inayoifikisha. Asiyeingoja atakutana na mwenziwe uso kwa uso.

Sheria ya mwaka 2015 inaruhusu vyombo vya usalama kuwa na orodha mbili za ununuzi, ya wazi na ya siri. Basi tunadai hivi:

1. Buti, mahema, chakula na malori visitiwe katika orodha ya siri.

2. Vya siri, mkaguzi wa hesabu aone mkataba kabla ya sahihi, si baada ya fedha kwisha.

3. Kila ofisi ipewe siku zake, na anayelalia faili ajibu.

Mkifanya hayo, wakubwa, askari atapata chombo upesi, na mtoto wetu hatarithi deni. Mkikataa, tutajua haraka yenu ilikuwa ya nani.

Umoja ni nguvu.

Mfanya kazi wa Reli,
Nairobi