BAKSHISHI SI MSHAHARA

Kamati ya harusi inapolipia ukumbi, mara nyingi huona katika hati fungu liitwalo "malipo ya huduma". Wengi hudhani fedha hizo ni za watumishi waliobeba sahani hadi usiku wa manane, nao hawatoi bakshishi. Sisi twauliza: je, humfikia mtumishi, au huishia mfukoni mwa mwenye ukumbi?

Swali hili si letu peke yetu. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2023, ikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba, 2024, kwamba bakshishi na malipo ya huduma yote wagawiwe wafanyakazi kwa haki, na mwajiri asijikatie kitu.

Tusingoje kuamriwa. Kamati na iulize kabla ya kutia sahihi: fungu hili ni la nani? Likiwa la ukumbi, basi itenge bakshishi katika michango, wapewe mkononi watumishi wote, hata mpishi na muosha vyombo wasioonekana na wageni.

Lakini bakshishi ni shukrani tu. Mshahara ni deni la mwajiri. Harusi iliyopambwa kwa jasho lisilofutwa ni furaha ya mkopo.