Kusomea Huruma Si Kuwa Nayo

Ipo imani inayoshikwa hata na watu wenye akili zao: kwamba ubaguzi wa rangi utaukuta kituo cha polisi, utaukuta uwanja wa mpira, lakini darasa la saikolojia, hapana. Watu waliosomea kusikiliza wenzao watambaguaje mtu? Mimi nasema huko ndiko unakojificha ukafichika.

Novemba 2019, wakufunzi wa saikolojia tiba nchini Uingereza walikutana Liverpool, jiji lililotajirika kwa meli za watumwa. Kwenye mkutano huo ukaigizwa mnada wa watumwa, na ukumbini wamo wanasaikolojia Weusi. Walioandaa mkutano huo si walevi wa mtaani. Ndio wanaofundisha wengine namna ya kumhudumia aliyeumizwa. Baadaye radhi iliombwa, kwa maneno mazuri, kama ujuavyo watu hao.

Utaambiwa huko ni kuteleza kwa siku moja. Haya, tuziangalie siku za kawaida. Kuipata nafasi ya uzamivu wa saikolojia tiba wa miaka mitatu, unaolipiwa na NHS, huduma ya afya ya umma ya huko, kunataka kwanza uwe na uzoefu wa kazi za usaidizi, nazo nyingine hulipa kiduchu, nyingine hazilipi kabisa. Mtoto wa nesi aliyetoka Ghana au Kongo, mwenye kodi ya chumba London, atajitolea mwaka mzima ale nini? Akikosa, husemwa kwamba Weusi hawaipendi saikolojia.

Akipata, anakutana na kikao cha tafakari. Wanagenzi huketi duara na kutakiwa waseme yaliyo moyoni. Huyu, aghalabu Mweusi pekee, anaeleza kwamba mgonjwa alikataa kuhudumiwa naye kwa ajili ya rangi yake, na msimamizi akajifanya hakusikia. Mkufunzi anamjibu kwa sauti ya upole: "Unadhani hasira hiyo inatoka wapi?" Hapo shtaka limeshageuzwa maradhi, na mshtaki ndiye mgonjwa. Akibisha, anajihami. Akinyamaza, hashiriki. Akilia, hajawa tayari kwa kazi. Polisi mbaguzi ana rungu tu; mkufunzi huyu ana istilahi, na ndiye anayetoa alama.

Wala mchezo huu haukuanza jana. Mwaka 1851 daktari Samuel Cartwright wa Marekani alitangaza kwamba mtumwa anayetoroka ana ugonjwa wa akili. Kwetu Afrika Mashariki, J. C. Carothers, aliyeiongoza hospitali ya Mathari jijini Nairobi, aliagizwa na serikali ya kikoloni aueleze uasi wa Mau Mau. Kijitabu chake cha 1954 kikachimbua nafsi ya Mkikuyu kuliko ardhi aliyonyang'anywa. Oktoba 2021 chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, chenyewe kiliomba radhi kwa mchango wake katika ubaguzi.

Watetezi wa vyuo husema walimu wana nia njema. Sibishi. Ila huko England mtu Mweusi hulazwa kwa nguvu ya sheria ya afya ya akili kwa kiwango kinachokaribia mara nne ya Mzungu, na atakayemhudumia amefuzu kwenye duara lilelile. Vyuo vianze na jambo moja lisilohitaji semina: lalamiko la mwanagenzi juu ya ubaguzi lisikilizwe na mtu asiyemsahihishia mtihani.