Namba ya NIDA ina tarakimu 20, zote zifike salama

Tangu msimu wa 2022/23, mkulima anayetaka mbolea ya ruzuku lazima awe amesajiliwa. Usajili huanzia kijijini, lakini taarifa haziishii hapo. Huingizwa kwenye kompyuta, na kompyuta moja huweza kuzipeleka kwa nyingine. Hapa Yakobi, kama kwingine Njombe, mvua za kupandia huanza kutarajiwa Novemba. Taarifa zikiharibika, muda wa kuzunguka ofisini haupo.

Kosa linatokeaje wakati mtendaji ameandika sawasawa? Kila programu ina namna yake ya kutunza taarifa. Ni kama kumimina mahindi ya gunia kwenye debe: kinachozidi humwagika.

Chukua namba ya NIDA. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Excel, programu ya majedwali inayotumika katika ofisi nyingi, ikiipokea kama hesabu hushika tarakimu 15 tu. Tano za mwisho hugeuka sifuri. Namba bado ni ndefu, lakini si yako tena. Namba ya simu nayo hupoteza sifuri ya mbele, kwa kuwa kwenye hesabu sifuri hiyo haina thamani.

Vipimo navyo vina mtego wake. Hekta 1 ni karibu ekari 2.5. Mwenye hekta 2 akisomeka ana ekari 2, mbolea atakayohesabiwa haitatosha hata nusu ya shamba lake.

Kwa maoni yetu, mzigo huu usiachiwe mkulima peke yake. Wanaoingiza taarifa waandike namba za vitambulisho na simu kama maandishi, si hesabu, na kipimo kitajwe kando ya ukubwa wa shamba. Baada ya kuhamisha, wahesabu majina na kulinganisha baadhi yake na daftari la karatasi. Daftari hilo lisitupwe, maana ndilo shahidi.

Nawe msikilizaji, usisubiri mvua. Nenda mapema ofisi ya kijiji ukiwa na kitambulisho, uombe kusomewa kilichomo kwenye mfumo, siyo kilichomo daftarini. Fuatilia tarakimu moja moja hadi ya 20.