Mahema Yapo, Majina Hayapo

Kikao cha tatu cha kamati kilichukua saa mbili na nusu, na zaidi ya saa nzima ilikwenda kwenye mahema. Mahema mangapi, ya rangi gani, ya nani. Kuna mjumbe ana shemeji anayekodisha mahema Majengo, na mwengine ana rafiki Tudor ambaye bei yake nafuu lakini viti vyake vina miguu mitatu. Tulikuwa uani kwa mzee mmoja hapa Makadara, kahawa inazunguka, kashata kwenye sinia, na shughuli yenyewe tunayoipanga ni kumbukumbu ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mimi nimetiwa humo kwa sababu eti "ndiye mwandishi". Niandike ratiba, niandike na maneno ya emsii.

Ratiba ninayo hapa. Wageni kuwasili. Dua. Wimbo wa taifa. Tarumbeta. Hotuba ya mwenyekiti, hotuba ya mdhamini, hotuba ya mgeni rasmi. Shada la maua. Kirumbizi. Chakula. Bajeti nayo ina mistari kumi na minne: tisheti zimo, maji ya chupa yamo, mtu wa kurusha droni yumo. Wafu hawamo.

Nikauliza: majina ya hao tunaowakumbuka yatasomwa saa ngapi?

Pakawa kimya kidogo. Halafu mzee mwenye nyumba akaniambia, tena kwa upole kabisa, "Majina ya nani, mwanangu? Wale walikuwa wengi."

Sikumjibu pale pale, maana ni mtu mzima na kahawa ni yake. Namjibu hapa.

Nendeni Mwembe Tayari. Si mbali, mtu wa Makadara anakwenda kwa miguu, akipita Marikiti na kununua na ndimu. Pale pana mnara wa askari, watu wa shaba wamesimama tangu enzi za mkoloni, matatu zinapiga honi chini yao na mwenye kuuza soksi ametandika biashara yake. Minara ya namna hiyo iko mitatu: Nairobi, Dar es Salaam na huu wetu. Maandishi yake yalitungwa na Rudyard Kipling, na yanawasifu wapagazi kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Yanaahidi pia kwamba ukifa ukiipigania nchi yako, wanao watalikumbuka jina lako.

Someni tena ahadi hiyo, halafu zungukeni mnara mtafute jina. Hamna. Jiwe linaahidi majina yatakumbukwa na lenyewe halikuandika hata moja. Zaidi ya miaka tisini limesimama hivyo, na sisi sasa twataka kulivisha shada tupige picha.

Kisha teremkeni mpaka Fort Jesus. Mizinga miwili iliyo nje pale, mmoja ulitoka kwenye manowari ya Kijerumani Königsberg na mwengine kwenye Pegasus ya Waingereza, ile iliyozamishwa bandarini Zanzibar Septemba 1914. Mizinga ina majina. Meli zina majina. Karibu na hapo pana kumbukumbu ya Meja Wavell, aliyeuawa Mwele, huko upande wa Gazi, Januari 1916, akiwaongoza Waarabu wa pwani hii. Naye ana jina. Ukienda makaburi ya Mbaraki utakuta Waingereza, kila mmoja na jiwe lake. Kwa hivyo msiniambie vita vile havikuwa na watu wa kuandika. Waliandika. Walichagua nani wa kumuandika.

Waliokufa bila kuandikwa walikuwa kina nani? Wengi wao hawakuwa askari, walikuwa wapagazi wa Carrier Corps, jina ambalo midomo yetu ililigeuza Kariakoo. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwachukua watu kwa lazima, na 1917 ikawafagia vijana wilaya baada ya wilaya. Walibeba risasi, unga, mahema (naam, mahema) kupita Taveta, kuingia Tanganyika, mpaka Msumbiji. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na kwa chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea na hakikuwahi kupikwa kikaiva. Makadirio ya kawaida ni kwamba wapagazi zaidi ya 95,000 wa upande wa Waingereza walikufa katika vita vya Afrika Mashariki.

Nao Waingereza wenyewe wameshakiri. Aprili 2021 tume yao ya makaburi ya vita ilitoa ripoti iliyosema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wao wa ulinzi wa wakati huo, Ben Wallace, akasimama bungeni akaomba radhi. Ndani ya ripoti mna barua za maafisa wa zamani wakielezana kwamba Mwafrika hana habari na kaburi, kwamba hataelewa jiwe la nini.

Sisi? Hapa mjini mtu hufanyiwa khitma mpaka wajukuu wachoke kupika. Watu huenda makaburini wakang'oa magugu kwa mikono. Kumbe kuna karatasi London iliyosema hatujali. Hilo lilinikera wiki nzima. Lakini kilichonikera zaidi ni kurudi kwenye kikao cha pili na kukuta kamati ya Makadara, watu wa mila na dini zao, wameandaa shughuli ambayo yule afisa angeitia sahihi bila kubadilisha neno. Tarumbeta, maua, na "walikuwa wengi".

Vijana wenzangu wana neno lao, nalo ni rahisi: hivyo ni vita vya wazungu, vyatuhusu nini? Nimelisikia kwa rafiki zangu, tena watu wenye akili. Ni kweli havikuwa vyetu. Mjerumani na Mwingereza waligombana kwao wakaja kupigania kwetu. Lakini mtu akiburutwa kutoka shambani kwake akafie porini kwa ugomvi usiomhusu, wewe mjukuu huwezi kusema ugomvi haukuhusu ukamaliza. Ugomvi haukuhusu, maiti yakuhusu.

Na wapo waliosema hivyo wakati huo huo. Wagiriama walikuwa wamechoka kutakiwa watoe vijana wao kwenda kufanya kazi za serikali, na Mekatilili wa Menza alishawalisha watu kiapo mwaka 1913. Agosti 1914, mwezi ule ule Ulaya ilipoingia vitani, serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti na bunduki za KAR zikageuzwa kwa Wagiriama. Yaani kwa pwani hii vita vilianzia nyumbani, na adui wa kwanza hakuwa Mjerumani. Sijaona mstari wa jambo hilo kwenye ratiba. Nilipolitaja, mjumbe mmoja aliyekuja na tai akasema tusiingize siasa, mgeni rasmi ataona haya. Basi aone! Haya haijawahi kumuua mgeni rasmi.

Ndiyo maana sitaki neno "mashujaa" kwenye tisheti. Najua ni tamu mdomoni, na Oktoba 20 tumeshaizoea. Ila shujaa ni mtu aliyechagua. Ukimwita shujaa mtu aliyefungwa kamba akapelekwa, unamfutia madhila yake, na aliyemfunga kamba unamsafisha bila hata yeye kuomba. Waiteni wapagazi, yatosha. Mwenye babu aliyekuwa askari amwite askari.

Na hapo pana jambo jengine, ambalo wajumbe hawatapenda niliandike. Imependekezwa familia zenye medali zikae hema la mbele, zilizobaki hema la nyuma. Waliopendekeza hawana nia mbaya, medali ni kitu cha kushika mkononi, inapendeza kwenye picha. Lakini tutakuwa tumepanga viti kwa mpangilio ule ule wa mwaka 1918: aliyebeba bunduki mbele, aliyebeba gunia nyuma.

Tarehe nayo. Imechaguliwa Novemba 11 kwa sababu dunia nzima hufanya Novemba 11. Hapa kwetu vita havikusimama siku hiyo. Tarehe 13 watu wa Lettow-Vorbeck ndio kwanza walikuwa Kasama, na walisalimisha silaha rasmi Novemba 25, 1918, mji ulioitwa Abercorn, leo Mbala nchini Zambia. Ulaya kengele zinalia, watu wanabusiana barabarani, na huku mpagazi bado ana mzigo kichwani kwa sababu habari haijafika. Kisha ikaja ile homa ya mafua ya 1918, ikawasubiri wengine njiani wakirudi. Kama ni kukumbuka watu wetu, siku yetu ni Novemba 25. Tarehe 11 wasomewe wa Ulaya, nao walikufa, Mungu awarehemu.

Mtaniambia majina hayapatikani. Cape Town waliyapata. Januari 2025 ulifunguliwa pale ukumbusho wa vibarua weusi wa Afrika Kusini waliokufa katika vita hivyo hivyo, zaidi ya 1,700, kila mmoja na mti wake uliochongwa jina. Nao walikuwa wengi. Nao waliambiwa wamesahaulika. Na hapa hapa Makadara kuna Wabaluchi ambao mababu zao waliletwa Mombasa kama askari wa masultani wa Oman; kaa nao barazani baada ya magharibi uone watakavyokutajia nasaba, fulani bin fulani bin fulani, mpaka kahawa ipoe. Mtaa unaoweza hivyo hauwezi kuniambia majina ni kazi ngumu. Ugumu ni kwamba hatujauliza.

Mimi nimeuliza. Karibu na kwetu anakaa bibi mmoja, asili yake Kwale, ameshapita miaka themanini. Nilimwendea na mahamri nikamuuliza kama kwao kuna aliyekwenda Kariakoo. Akanitazama sana. Akasema baba wa mamake alichukuliwa, akasindikizwa mpaka njia panda, na nyanyake aliambiwa amngoje. Akangoja. Hakuletewa barua, wala mshahara, wala mtu wa kusema nilimuona akifa. Mamake bibi huyu alikua akisikia mlango ukigongwa usiku, nyanya anaamka kwanza yeye. Kila wakisoma khitma ya ukoo walimtaja, wakakwama kwenye swali la kama wanamsomea marehemu au wanamuombea msafiri.

Nikamwambia kuna shughuli inapangwa. Akauliza swali moja tu: "Mtamtaja?"

Nimeacha chuo mwaka wa pili, sina cha kujivunia kwenye mambo ya utafiti. Ila najua pesa za mtu wa droni zinalipa nauli za vijana sita wiki mbili, Likoni, Kwale, Rabai, Kaloleni, kila mmoja na daftari na kalamu. Pesa za tisheti zinalipa mtu wa kukaa na makaratasi Nairobi kwenye Nyaraka za Taifa. Mahema mawili yanatosha, jua la Novemba si la kuua. Hotuba ibaki moja, fupi. Wakati wote uliobaki yasomwe majina pale pale Mwembe Tayari, kwa spika, matatu zikipiga honi, jina moja baada ya jengine, na mwenye jina lake aje na lake hata kama hatukuliandika. Mgeni rasmi akichoka kusimama, aletewe kiti. Hata kile cha miguu mitatu.

Kikao cha nne ni Alhamisi baada ya isha. Naambiwa nitatolewa kwenye kamati, na kwamba maneno ya emsii ameshapewa mwengine. Sawa. Nitakwenda hivyo hivyo, na daftari. Mpaka jana lina majina manne. Moja ni la babu wa yule bibi, nimeliandika la kwanza. La nne lina jina la mtu lakini halina la baba. Aliyenipa alisema kuna shangazi Mariakani anayelijua, na jumamosi nakwenda huko.