Darubini ya akiba ya bei chee: mwindaji akikosea Loliondo, anayekutana na nyati ni mchungaji

Ukitaja uwindaji wa kitalii pale Wasso, mazungumzo yanaenda moja kwa moja kwenye ardhi. Si ajabu. Kampuni ya OBC, yenye uhusiano na Umoja wa Falme za Kiarabu, ilipewa kitalu cha Loliondo mwaka 1992. Juni 2022 Serikali ikaweka alama za mipaka kwenye eneo la kilomita za mraba 1,500, ambalo baadaye mwaka huohuo likawa Pori la Akiba Pololeti. Mgogoro huo ulifika mahakamani na bado watu wanauongelea.

Lakini kuna jambo jingine dogo ambalo halisemwi: kifaa cha kulengea kilicho juu ya bunduki ya mwindaji, na hasa kile cha akiba anachokibeba kwenye begi.

Kwa nini mwananchi asiye na bunduki ajali? Kwa sababu risasi ikipita sentimita chache pembeni, mnyama hafi. Anaondoka na jeraha. Na nyati aliyejeruhiwa hasomi vibao vya mipaka.

Safari inaharibu kabla ya risasi ya kwanza

Wasso si mahali pa kufika na kifaa laini. Kilomita 49 kati ya Wasso na Sale zina lami, ila ukishuka kuelekea Ngaresero na Mto wa Mbu unajua mwenyewe hali ya vumbi na mtikisiko. Bunduki ikitikiswa kwenye gari saa nyingi, skrubu zinazoshika darubini zinaweza kulegea kidogo kidogo bila mtu kugundua.

Halafu kuna baridi ya asubuhi ya nyanda za juu. Darubini isiyozibwa vizuri huingia unyevu, kioo kikapata ukungu ndani. Huo hufuti kwa kitambaa.

Kubwa zaidi ni nguvu ya bunduki yenyewe. Nchini Tanzania, wanyama hatari kama nyati huwindwa kwa bunduki ya kuanzia .375. Bunduki hiyo inarudi nyuma begani kwa nguvu inayokaribia mara mbili ya .30-06 ya kawaida. Darubini ya bei chee iliyotengenezwa kwa bunduki ndogo inaweza kuonekana safi dukani, kumbe baada ya risasi kadhaa sehemu za ndani zimeshahama.

Sasa piga hesabu. Kama darubini imehama kiasi cha sentimita 10 kwa umbali wa mita 100, ukifika mita 200 ni sentimita 20. Umelenga mapafu, risasi imeingia tumboni. Mnyama anaweza kutembea nayo saa nyingi.

Bei nafuu si tatizo, tatizo ni nafuu ya wapi

Hapa wengi wanachanganya. Darubini ya akiba haihitaji kuwa ghali kama ile kuu. Inahitaji kufanya kazi moja: kulenga palepale ilipopimwa.

Kwa pesa ileile, darubini ya ukuzaji mmoja wa mara 4, isiyo na mambo mengi, kwa kawaida ni imara kuliko ile inayojitangaza kukuza mara 4 hadi 16. Kila kinachozunguka ndani ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika. Na kwenye vichaka ambako nyati hupigwa kwa karibu, ukuzaji mkubwa unakuonyesha manyoya tu, hujui ni bega au paja.

Angalia pia nafasi ya jicho. Kwa bunduki kubwa, darubini ikuruhusu kuona picha nzima jicho likiwa angalau sentimita 9 nyuma yake. Pungufu ya hapo, pete ya darubini itakupasua nyusi. Mwindaji aliyepasuliwa mara moja huanza kuogopa bunduki yake, na mwoga hufumba macho anapofyatua.

Akiba ya bei rahisi kuliko zote ni vile vyuma vya kulengea juu ya mtutu. Havina kioo, havina betri, havipati ukungu. Ila navyo vinataka kupimwa, na darubini iwe kwenye vishikizo vinavyofunguka kwa haraka. Ukiwa unahitaji kutafuta bisibisi nyati akiwa mita 40, hiyo si akiba tena.

Jaribio lenyewe halina siri. Piga risasi tatu kwenye karatasi mita 100. Vua darubini, irudishe, piga tatu tena. Zikikaa pamoja, una kifaa. Zikitawanyika, una pambo, hata kama ulinunua kwa bei kubwa.

Nani analipa risasi iliyokosea?

Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mwindaji haruhusiwi kumjeruhi mnyama kisha akaendelea na safari zake. Anatakiwa kumfuatilia na kummaliza. Kwenye karatasi, limeisha.

Porini ni tofauti. Giza likiingia, ufuatiliaji unasimama. Na kutoka Ololosokwan, Kenya ni pale. Huko uwindaji wa namna hii umepigwa marufuku tangu 1977. Mnyama akivuka kuelekea Mara, mwindaji hawezi kumfuata na bunduki. Deni linabaki kichakani.

Atakayelikuta ni kijana anayepeleka ndama malishoni akiwa na fimbo, au mama aliyekwenda kuni. Kanuni za kifuta machozi za mwaka 2011 ziliweka shilingi milioni 1 kwa familia iliyopoteza mtu kwa mnyama hatari. Mtu akijeruhiwa vibaya, safari ni ya Hospitali ya Wasso kwanza, na pesa za kuuguza hutoka kwenye zizi kabla hazijatoka ofisini. Sasa linganisha hayo na gharama ya risasi sita za kupimia na nusu saa ya asubuhi.

Nini kifanyike?

Mtalii anayewinda hawi peke yake. Huwa na mwindaji bingwa mwenye leseni pamoja na askari wa wanyamapori anayesimamia. Kwa hiyo watu wa kulisimamia hili tayari wapo kambini.

Kinachotakiwa ni utaratibu: hakuna kutoka kuwinda kabla ya kila bunduki kupimwa mbele ya askari huyo, kwa darubini kuu na kwa kifaa cha akiba. Karatasi yenye matundu ya risasi itiwe saini na tarehe, iwekwe kwenye faili. Bunduki ikianguka au darubini ikibadilishwa, upimaji unarudiwa. Mnyama akijeruhiwa na kupotea, viongozi wa vijiji vya jirani wapigiwe simu siku hiyohiyo, ili wachungaji wajue upande wa kukwepa.

Hayo hayamalizi mgogoro wa ardhi, wala hayawezi. Ila mchungaji wa Loliondo ameshabeba mengi. Asibebeshwe na darubini mbovu ya mtu mwingine.